Mwiko wa Nyumba ya Kweyu

Kila nyumba ina mwiko wake. Katika nyumba ya mzee Kweyu, pale mtaa wa Jericho, mwiko ulikuwa huu: jambo baya halisemwi kwa Kiswahili wala kwa Kiluhya. Likibidi, lisemwe kwa Kiingereza, tena haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu nje ya mlango.

Ulianza na Ryan, kifungua mimba. Homa ilikuwa imemkausha midomo, na mama yake, Phelister, akiwa amempakata, akasema, "Huyu mtoto hatapona." Hakupona. Kabla ya kukucha alikuwa amekata roho. Baada ya mazishi Kweyu akatoa amri: "Maneno kama yale yasisikike tena hapa. Kifo kinajua Kiswahili na Kiluhya. Kizungu hakijasomea." Baadhi ya waombolezaji walicheka, maana hata matanga yana wacheshi wake. Phelister hakucheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mama Ryan, na Triza alipozaliwa akawa Mama Triza, basi.

Triza alikulia humo. Watoto wengine wa mtaa walianza Kiingereza kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni, yeye alianza na "hopeless," yaani hakuna tumaini. Unga ukiisha, "bleak." Baba akipunguzwa kazini kule Industrial Area, "decline," mambo yanadidimia. Mwalimu wake aliwahi kusoma insha yake kuhusu Krismasi, akamwuliza kwao kuna nini. Siku hizi Triza mwenyewe hufundisha Kiingereza huko Makadara, na kwa maneno ya giza hana mpinzani. "Gloom," "dismal," "doomed," yote anayo.

Kwa hiyo daktari alipomwita kando na kumwambia kwamba ini la baba yake limekwisha, kwamba wampeleke nyumbani akapumzike maana hakuna la kufanya tena, alielewa kila neno. Taabu ilikuwa kumweleza mama.

"Mama, daktari amesema ni decline," alimwambia kwenye ngazi za hospitali. "Prognosis ni poor."

Phelister akaitikia kwa kichwa bila kuuliza, kama alivyoitikia miaka yote. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika nyumba ile "decline" ilikuwa imetumika kwa kwaya ya kanisa, kwa mifereji, hata kwa chai ya hotelini. Neno lilikuwa limechakaa kama nguo ya kudekia. Kwaya iliendelea kuimba, mifereji ikarudisha maji, na Phelister akaona mumewe naye atarudi.

Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikuwa katika soko la Jericho. Akanunua kitambaa cha kijivu, akaanza kumshonea Kweyu suti ya kutolea shukrani kanisani. Vipimo hakuhitaji, alivijua kwa moyo. Asubuhi alimpikia uji, akashika njia ya sokoni, akarudi jua likizama.

Kweyu alibaki kitandani akitazama mlango. "Mamako ako wapi?"

"Soko, Baba. Anakushonea suti."

"Mwambie akuje akae na mimi. Kuna kitu nataka kumwambia."

Triza alimwambia. Phelister alijibu, "Suti ikiisha nitakaa. Si unamjua babako? Atataka kutokea vizuri." Kesho yake ikawa vile vile.

Triza alikuwa amesoma, alijua ini halina masikio. Hata hivyo ulimi ulimkwama. Akisema kwa Kiswahili na baba afe usiku ule, atakuwa nani? Atakuwa mama yake. Aliogopa jambo hilo kuliko kifo chenyewe, na aliona aibu kuogopa.

Kisha ikafika siku Kweyu alipouliza "Mamako…" na pumzi haikumtosha kumaliza swali. Triza akavaa viatu, akaenda sokoni.

Phelister alikuwa ameinamia kola.

"Mama, wacha kushona."

"Kwani amekuwa hopeless tena?" aliuliza, wala hakuinua macho, kana kwamba anauliza kama kumeanza kunyesha.

"Mama. Baba anakufa."

Cherehani ikasimama. Phelister akainuka, akamzaba binti yake kofi mbele ya soko zima. "Rudisha! Rudisha hilo neno!"

"Halirudi, Mama. Ndilo daktari alisema siku ile. Nilikuambia kwa ngazi."

Phelister akaketi. Akaitoa ile kola chini ya sindano. "Decline," akasema. "Kumbe ndiyo hiyo." Kisha akajitupia shingoni utepe wake wa kupimia, akakunja suti kwapani na kwenda nyumbani, cherehani ameiacha wazi.

Kweyu alikuwa macho.

"Triza ameniambia," Phelister akasema.

"Hata mimi najua. Nilikuwa nangoja mseme."

Phelister hakulia. Alimwinua, akamwegemeza kwenye mto, akamzungushia utepe kifuani. Akasoma kipimo, akarudia kupima, kwa sababu hakuamini.

"Amelisema neno," Kweyu alisema, akipumzika kati ya maneno, "na bado niko hapa. Mama Ryan."

Mikono ya Phelister ikatulia palepale ilipokuwa.

"Ryan alikuwa amekwisha kabla hujafungua mdomo. Muuguzi wa zahanati aliniambia mchana wa siku ile kwamba hatafikisha asubuhi. Sikukuambia."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka mtu wa kulaumu, na wewe ndiye ulikuwa karibu."

Mlangoni, Triza, aliyekuwa amemfuata mama yake, aliyasikia yote. Alimjua mama yake aliyenyamaza mbele ya kila kitanda cha mgonjwa, aliyetoka nje kila walipoombea watoto kanisani. Alidhani huyo ni mama tu, ndivyo alivyoumbwa. Sasa alimwona, na moyo ukamuuma.

Phelister akauondoa utepe kifuani mwa mumewe, akauviringa.

"Nimekasirika, Baba Ryan," alisema mwishowe, kwa Kiswahili, sauti haikupanda. "Nimekasirika sana, na wewe huna wakati wa kunibembeleza."

"Sina," Kweyu akajibu.

Phelister akaukamata utepe upya.

"Nyoosha mkono," alisema. "Hii suti itabidi niipunguze."