Gemu ya Yakub Iliyoogopa Mvua

Mwaka ule wa mvua ya El-Nino, Garissa ilikuwa na mgonjwa mmoja ambaye kila mtu alijifanya daktari wake. Mgonjwa huyo alikuwa mashine ya gemu ya Yakub.

Yakub alikuwa na jumba la video, mabati juu na mbao pembeni. Nduguye aliyeko Toronto alimtumia mashine kuukuu, ya zile za kuchomeka kaseti mgongoni, ambazo watoto wa huko walikwisha kuzitupa. Ilifika ikiwa nzima, ila ilizaliwa Amerika na ilielewana na televisheni za Amerika tu. Kwenye televisheni ya Yakub ilitoa chenga tupu.

Aliyeitia adabu ni Hinda, binti wa fundi Nuh. Mzee Nuh alitengeneza redio miaka thelathini, hadi mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili. Tangu hapo yeye akawa masikio na Hinda akawa mikono. Mwezi wa Septemba Hinda aliifungua mashine, akaifuata picha mpaka pale inapozaliwa, kabla haijaingia kwenye kijisanduku cha antena. Akaipa nguvu kwa transista aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa, akaitoa nje kwa waya hadi kwenye tundu la nyuma la televisheni. Gari jekundu likatokea, likikata kona kwa fujo. Mji ulimsifu wiki nzima, na sifa hizo zilimkaa vibaya rohoni binamu yake Abdihafid.

Kisha mvua ikaja, mvua ya kufuru, mto Tana ukapanda na barabara zikakatika. Gari jekundu likageuka kijivu, likaanza kuyumba, na sauti ikavuma kama nyuki ndani ya mtungi.

Yakub akiwa na hasira huacha Kisomali na kulalamika kwa Kiswahili, ili hata walimu na polisi wapitao barazani wajue amedhulumiwa.

"Hinda, jana watoto iko sitini, bicha hakuna," alisema. "Mimi nafanya nini na sitini? Tena Idi nimewaahidi."

Abdihafid alikuwa amesoma ufundi Nairobi miezi sita, akarudi na miwani ya jua na maneno mengi. Alibadilisha transista, hakuna. Alibadilisha waya, hakuna. Basi akaenda kwa Mzee Nuh na kumwambia kwa upole kwamba tatizo si mashine, ni mkono ulioilehemu. Akaiomba meza ya ufundi, yaani duka lenyewe. Kumbe kibao alikwisha kukichora: ABDIHAFID ELEKTRONIKI, herufi nyekundu kwenye bati jipya.

Mzee Nuh alikuwa amechoka kusikia jina la bintiye likisemwa sokoni. "Idi ikifika mashine hiyo haijapona," alisema, "meza ni ya Abdihafid."

Hinda alilia, na hakuona haya kulia. Pale mezani ndipo alipojifunza kusoma, kwa kusoma rangi za rizista kabla ya alfabeti. Akinyang'anywa meza hiyo, hakujua angekuwa nani.

Akafuta machozi, akaanza upya. Alipima kila kiungo, kila kiungo kikajibu sawasawa. Alibadilisha kaseti, akabadilisha televisheni. Jambo moja tu lilimsumbua: siku jua lilipowaka kutwa, kufikia alasiri gari lilirudia wekundu wake. Mawingu yakirudi, na ugonjwa ulirudi. Akaisugua ile sehemu aliyoilehemu kwa spiriti ya hospitali. Picha ikapona saa nzima, kisha ikaharibika kuliko mwanzo, na kwenye shaba ukabaki utando mweupe.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, jirani yao Muslimo alibisha hodi. Bintiye alikuwa amejifungua, na alitaka malmal ya kumkanda mtoto kitovu. Nyanya yake Hinda, Ayeeyo Amino, alifungua kasha lake, akatoa pande la malmal, ule utomvu mwekundu mchungu, akalitumbukiza kwenye bakuli la maji.

Hinda alikuwa akipita. Aliona maji yakigeuka maziwa.

Akasimama pale pale. Mwezi wa Septemba ule utomvu wa dukani, wa kusafishia shaba ili risasi ya kulehemu ishike, ulikuwa umemwishia. Kwa haraka na kwa kiburi kidogo, alichukua kipande cha malmal ya ayeeyo akakitumia badala yake. Risasi ilishika vizuri ajabu, na duka likanukia.

"Ayeeyo, kwa nini huiloweki kwenye spiriti?"

"Spiriti huchukua nusu," alisema bikizee, akishangaa kuulizwa jambo ambalo hata mbuzi analijua. "Nusu nyingine hutaka maji. Iliyobaki iguse kesho, utaona bado inanata."

Kumbe ndiyo hiyo. Spiriti ilikuwa imeondoa nusu moja na kuiacha nusu inayopenda maji, nayo ikakaa juu ya shaba ikinywa unyevu wa El-Nino na kuivujisha picha. Aliyeharibu mashine ni yeye. Angeweza kunyamaza na kuisafisha kimya kimya, na wazo hilo lilimjia. Lakini angeeleza vipi mbele ya baba anayesikia hata pumzi ikidanganya? Akaibeba mashine hadi dukani, akamwambia yote, na Abdihafid yupo.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema Abdihafid, akitabasamu.

"Ni mimi. Na sasa naiosha kwa maji."

"Adeer, ami yangu, umesikia? Anataka kuogesha umeme!"

"Mimi niliunguza redio ya mkuu wa polisi mwaka sabini na nne," alisema Mzee Nuh, "nikamwambia ni radi. Hakukuwa na wingu siku hiyo. Osha, mwanangu."

Maji ya kisima yana chumvi, kwa hiyo Hinda alikinga ya mvua, ile ile iliyomtia aibu, akayapasha moto. Akachonga mswaki mpya, akasugua ubao kiungo kwa kiungo mpaka maji yakaacha kuwa meupe. Akamalizia kwa spiriti ili ifukuze maji. Kisha akauweka ubao juu ya tenga la kufukizia nguo, makaa chini, bila chembe ya unsi, ule uvumba wa Kisomali, akaulinda hadi adhana ya magharibi.

Asubuhi ya Idi mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Watu walitoka kuswali wakaingia moja kwa moja kwa Yakub, kanzu zimelowa hadi magotini. Abdihafid alisimama mlangoni na kibao chake kwapani. Hinda alichomeka kaseti, akavuta pumzi, akabonyeza.

Gari lilitokea jekundu kama pilipili. Watoto walipiga kelele hata mvua kwenye mabati ikasahauliwa. Yakub alikumbatia televisheni yake, akamsahau aliyeiponya.

Lakini Hinda alikuwa akimtazama baba yake tu. Mzee Nuh hakuona gari wala rangi. Aliinamisha kichwa upande wa spika, akasikiliza kwa muda mrefu, mkono umeinuliwa ili watu wanyamaze, nao wakanyamaza.

"Mvumo umekwisha," alisema. "Hata mimi sikupata kuutoa hivi."

Akatoa ufunguo wa duka mfukoni, akaupapasa mkono wa bintiye, akaufumbatisha ufunguo ndani yake. Hinda alilia tena, mara hii akicheka.

Paa la Yakub lilikuwa linavuja juu kabisa ya televisheni. Mzee Nuh alisikia matone.

"Abdihafid," aliita, "una bati hapo. Panda uzibe."

Akapanda. Mpaka leo herufi zile nyekundu zingali juu ya paa, zikiwasomea mawingu.