Bango la Sumukuvu

Jumanne saa nne asubuhi, Rukaya wa Sindeni alikuwa barazani akichambua mahindi yaliyonyeshewa wakati wa kuvuna. Meupe aliyatia kwenye gunia la mnunuzi wa Manundu. Yenye ukungu wa kijani aliyaweka kwenye ungo, ya kula nyumbani. Hayo huyaosha, akayaanika, akapeleka mashineni. Ndivyo alivyofanya mama yake.

Adhuhuri alipita ofisi ya kijiji, ambako Semboja, mhudumu wa afya, alikuwa amepigilia bango. Lilionyesha mtoto mwenye tumbo lililojaa na macho ya njano. Chini iliandikwa kwamba sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, inaua, na kuosha hakuiondoi. Juu palikuwa na jina la kijiji. Watu wa Sindeni walisoma Mazingara, kijiji jirani. Watu wa Mazingara waliopita na baiskeli walisoma Sindeni. Kila mmoja alimhurumia jirani, akashika njia. Semboja aliandika kwenye daftari lake kwamba jina la bangoni linahamahama.

“Masikini Mazingara,” alisema Rukaya. “Kuchambua hawajui.”

Semboja hakubisha, maana anayebishiwa hujitetea tu. Alimwamkia, kisha akamwomba amweleze kitu anachojivunia maishani. Rukaya alisema kijana huyu leo kakosa kazi. Hata hivyo alieleza: binti yake alipofariki alilea wajukuu watatu peke yake, na hata mwaka wa ukame hakuna aliyelala njaa. Alieleza kwa kirefu. Alipomaliza, herufi zilikuwa zimetembea kama siafu na kujipanga: Sindeni. Mtoto wa pichani sasa alikuwa amevaa gauni la kijani lenye kiraka cha kitenge begani.

“Huyu mjukuu wangu Faudhia.”

“Ndiye, bibi. Macho yamekuwa hivyo tangu lini?”

“Ijumaa.”

Semboja alimwambia ampeleke hospitali ya Korogwe bila kuchelewa, na yale mahindi ayafukie, hata kuku wasiyaguse.

“Nikifukia, tutakula nini, mwanangu?”

“Si mnayo yale meupe?”

“Yale ndiyo nauli ya huko unakonituma.”

Semboja alitazama bango. Liliendelea kusomeka Sindeni.

Kesho yake mnunuzi alichukua gunia. Rukaya alimbeba Faudhia mgongoni hadi barabarani, wakaondoka na gari la kwanza. Wajukuu wawili waliobaki aliwaachia unga wa siku tatu, ule uliokuwepo, wa mahindi ya ukungu.