Rozari Nzima

Maandishi meupe yalikuwa yakipanda kwenye kioo cheusi, mstari baada ya mstari, nami niliyatazama kwa imani yote. Nyuma yangu, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mama Rozalia na rozari yake mkononi, macho kwenye kioo hichohicho. Jenereta ilinguruma nje. Mlangoni walisimama wanaume wa mwalo wa Katonga, bandari yetu ndogo ya wavuvi, nguo zingali na maji ya mvua, wakingoja nitamke neno moja: kaskazini au kusini.

"Mwana wanje," Mama Rozalia aliniita kwa Kiha, yaani mwanangu, "hiyo inazunguka. Maneno haya yalishapita."

Nilimjibu bila kugeuka. Nilimwambia ndivyo kompyuta zinavyofanya kazi, atulie kidogo, ananichanganya. Hakusema tena. Nilisikia tu punje za rozari zikigongana taratibu, na sauti ile ikanituliza, nikajua kuna mtu ananiombea.

Miaka minne imepita. Maandishi yale bado yanapanda. Nikifumba macho kwenye foleni ya benki, au nikiwa nasubiri chai ichemke, yanaanza upya kutoka chini ya kioo.

Elikana alikuwa mtoto pekee wa Mama Rozalia, na mwenzangu wa kazi. Umoja wetu wa wavuvi ulitupa chumba kimoja pale mwaloni, tukatengeneza mfumo wa kufuatilia mitumbwi. Kila mtumbwi ulibeba simu iliyotuma mahali ulipo kila baada ya nusu saa. Kompyuta yetu ilipokea, ikaweka kwenye kanzidata, kisha ikajibu yenyewe: Ujumbe umefika. Maneno mawili tu, lakini wavuvi waliyapenda. Walisema ni kama kuwa na mtu aliye macho nchi kavu.

Kanzidata ile Elikana aliijenga mwenyewe. Watu wote huchukua iliyo tayari. Yeye alichukua msimbo wake wa asili, akabadilisha alichotaka, akaukompaili kwenye mashine yetu mpaka ukawa programu. Nilimcheka sana. Nilimwambia yeye ni mtu wa kukataa unga wa dukani akalime muhogo wake kwanza. Alinijibu kwamba siku moja nitaula muhogo huo. Basi akanikalisha chini, mimi Safina wa Ujiji niliyejiona nimesoma, akanifundisha namna ya kushughulika na makosa ya kukompaili. Alikuwa na sheria moja tu.

"Usisome kosa la mwisho," alisema. "Panda juu usome la kwanza. Mengine yote ni watoto wake."

Usiku ule wa Novemba alitoka ziwani na wavuvi wawili, Nikodemu na Oswald, kwa mtumbwi wa Nikodemu, kujaribu simu mpya. Dhoruba ikaja kutoka kusini, na radi ikapiga nguzo iliyo karibu na ofisi. Kulipokucha mitumbwi ilirudi mmoja mmoja, mingine bila taa, mingine bila nyavu. Wa Nikodemu haukurudi. Nami nilipofungua ofisi nikakuta harufu ya plastiki iliyoungua. Kompyuta ilikuwa imekufa, modemu imekufa. Diski peke yake ilipona, na ndani ya diski ndimo ulimokuwa ujumbe wa mwisho wa Elikana, ukisema yuko wapi.

Gervasi, mwenyekiti wa mwalo, hakuweza kungoja. Alipeleka mitumbwi miwili kaskazini, kwa kuwa upepo ulivuma kuelekea huko na mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Boti ya mwendo kasi aliibakiza. Mafuta yake yalitosha safari moja, kwenda na kurudi, na alitaka kuitumia akiwa na hakika. Aliniuliza kuisoma diski kutachukua muda gani. Nilimwambia saa moja.

Stoo kulikuwa na kompyuta ya zamani, imefunikwa kitenge. Niliichomeka diski. Kanzidata iliyokuwamo humo ilikataa kuisoma: ilisema data hizi zimekatwa vipande vikubwa kuliko inavyoweza kumeza, labda uijenge upya. Ulikuwa ni muhogo wa Elikana. Mtandao ulikuwa umekatika mji mzima, lakini msimbo wenyewe nilikuwa nao kwenye flashi aliyoniachia. Nikaanza kukompaili.

Kosa la kwanza liliniambia kuna maktaba fulani, yaani fungu la msimbo wa msaada, haipo. Nikaiamuru iendelee bila hiyo. La pili likadai maktaba nyingine, nikaitoa nayo. Nilijiona fundi. Saa tano kamili makosa yakaisha, mashine ikaanza kujikagua kama ifanyavyo kabla ya ujenzi: una hiki? Ndiyo. Una kile? Ndiyo. Mistari ikapanda, nami nikaegemea kiti. Nilitoka mara mbili kumwambia Gervasi kwamba inakwenda, ni nzee tu, tuwe na subira. Aliniamini. Wote waliniamini, kwa sababu kioo kilikuwa kinatembea.

Ni katikati ya hayo ndipo Mama Rozalia alipofika kutoka kijijini kwake Simbo, akaomba kukaa humo ndani, akasema lile alilosema. Hakuwa anajua neno moja la Kiingereza lililoandikwa pale. Mimi nililijua kila moja. Bibi yangu Mwasiti alizoea kusema sikio la kufa halisikii dawa, na siku zote nilidhani anawasema watu wengine.

Ilipofika saa saba Mama Rozalia alisimama ghafla, akatoka nje. Kiti kilikwaruza sakafu nikashtuka. Nilitazama mkono wake uliofungwa rozari ukipita mlangoni, ndipo nikamkumbuka mwanawe na sheria yake moja. Nilisimamisha mashine. Nikapanda juu, juu, juu, kurasa na kurasa za maandishi yaleyale, mpaka mwanzo kabisa. Hapo palikuwa na mstari mmoja ambao hata haukuitwa kosa. Lilikuwa onyo: faili hili limeandikwa katika wakati ambao bado haujafika.

Betri ya saa ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani. Yenyewe ilijua ni tarehe mosi Januari 2009. Kwa hiyo kila alichoacha Elikana kilikuwa ni kitu cha siku zijazo, kipya kuliko ukaguzi wowote ambao ingeufanya, na kila ilipomaliza kujikagua iliona msimbo umebadilika tena, ikarudi mwanzo. Ingeendelea hivyo mpaka mafuta ya jenereta yaishe. Dawa yake ilikuwa kuandika tarehe ya leo. Mstari mmoja tu.

Nikauandika. Dakika arobaini baadaye kanzidata ilifunguka. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa saa kumi na nusu alfajiri: kusini, mbele ya mdomo wa mto Malagarasi. Chini yake palikuwa na jibu letu. Ujumbe umefika.

Saa nane kasorobo boti iliondoka. Saa tisa waliuona mtumbwi umepinduka, na watu wawili wameung'ang'ania, Nikodemu na Oswald.

Nikodemu ndiye aliyenisimulia, siku ya tatu, tulipokwisha kumpata na kumzika Elikana kule Simbo. Sikumwuliza, alidhani atanifariji. Alisema Elikana aliliona jibu la kompyuta kwenye simu yake kabla mtumbwi haujapinduka, akawaonyesha. Asubuhi nzima majini alikuwa akiwatia moyo kwa maneno yaleyale.

"Alisema, Safina anajua tulipo," Nikodemu aliniambia. "Mpaka adhuhuri ilipopita. Saa yangu ilikuwa inafanya kazi. Aliuachia mtumbwi saa nane na dakika chache."

Nimeipiga hesabu hii mara nyingi kuliko nilivyopiga hesabu yoyote maishani. Ningesoma mstari wa kwanza saa tano, boti ingefika saa saba. Saa saba Elikana alikuwa bado anaongea.

Msibani Mama Rozalia aliwaambia watu kwamba binti huyu alihangaika, mashine ndiyo iliyokuwa nzito. Wanawake walinishika mikono. Nilipokea pole zile na asante zile, nikanyamaza. Nilinyamaza mwaka wa kwanza nilipompelekea sukari na sabuni, na wa pili, na wa tatu. Kila nilipotaka kusema alinitangulia kwa chakula. Niliacha kazi ya mwaloni, nikapata nyingine mjini, na hadi leo siwashi mashine bila kutazama tarehe yake kwanza. Wenzangu hunitania kwamba nahesabu siku za mshahara. Nawaacha wacheke.

Mwezi uliopita nilikwenda Simbo mikono mitupu, makusudi, nisipate cha kujifichia. Nilimkuta uani na ungo wa maharage. Nikamwamkia shikamoo, nikaketi mkekani, na kabla hajaita mtu alete uji nikamwambia yote. Kwamba ilikuwa inazunguka kweli. Kwamba yeye aliona, mimi sikuona. Kwamba zilikuwa saa mbili nzima, na saa mbili zingetosha.

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Nilijua," alisema.

Alitupa jiwe moja pembeni.

"Watu wanadhani nilikuwa nasali. Sikusali hata Salamu Maria moja. Kila iliporudi mwanzo nilisogeza punje, nione kama ni macho yangu tu. Rozari ikaisha yote, nikatoka nje."

Nilimwuliza mbona hakuniambia tena. Swali lilinitoka kabla sijalipima, nikatamani kulirudisha.

Alinitazama, na ndipo nilipoona kwamba alikuwa amelingoja miaka yote minne, na kwamba hakuna aliyemwuliza isipokuwa yeye mwenyewe.

"Uliniambia nitulie," alisema. "Nikasema moyoni, huyu amesoma. Mimi nani? Heri ningepiga kelele, Safina. Ni mwanangu. Ningepiga kelele."

Nililia. Yeye hakulia; alingoja nimalize. Nyuma yake, ukutani, rozari ilitundikwa msumarini, vumbi limetanda juu ya punje. Aliona ninakotazama.

"Siku hizi nasali bila hiyo," alisema. "Nikiishika, naanza kuhesabu."

Kisha akausogeza ungo katikati yetu. Tukachagua maharage mpaka yakaisha.