Uwanja Uliofagiwa

Picha ndiyo iliyoanzisha mambo yote. Shanice aliipiga mwezi wa nane alipokuja nyumbani kusalimu, yeye na babake wamesimama mbele ya nyumba, na nyuma yao ukaonekana ule uzio. Akaituma kwa mchumba wake Calvince, Calvince akamwonyesha mamake, na mamake, mwanamke wa Siaya ambaye hajawahi kukanyaga Voi, akauliza kwa upole kama wazazi wa msichana wanaishi ndani ya yadi ya vyuma chakavu.

Shanice hakupaswa kulirudia neno hilo kwa mamake mwenyewe, Wakesho. Alilirudia, tena kwa simu, tena akicheka, na Wakesho naye akacheka. Simu ilipokatika alitoka nje akautazama uzio wa mumewe kwa macho ya yule mwanamke wa Siaya, na tangu saa hiyo hakuweza tena kuutazama kwa macho yake mwenyewe.

Haki ya Mungu, ulikuwa mbaya. Mwandawiro aliujenga miaka sita iliyopita, macho yake yakiwa bado mazima, mwaka ule ndovu walipovunja ghala la jirani yao Nzioka na kula magunia matano ya mahindi kama watu walioalikwa. Alisimamisha nguzo, akavuta waya kuzunguka boma zima, akaning'iniza vipande vya mabati viwili viwili ili vigongane upepo ukivuma. Katikati alifunga matambara yaliyochovywa katika oili chafu ya magari na pilipili ya kusaga. Uzio ulinuka, ulipiga kelele, na kutoka barabarani ulifanana na kamba ya nguo za mwendawazimu. Lakini shamba lao ni la mwisho upande wa Ndara. Baada ya hapo ni ranchi tu, vichaka na udongo mwekundu hadi macho yachoke, na kwa miaka sita hakuna ndovu aliyekanyaga uwanja wao.

Kisha presha ya macho ikamzimia Mwandawiro taa, na uzio ukapata kazi ya pili. Upande wa choo, nyuma ya nyumba, alikuwa ametundika vipande vya madebe vyenye mlio mzito. Upande wa barabara vilikuwa vyembamba, na mlio wake mwembamba. Mzee alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na hakupenda kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea. Kila alfajiri alitoka na fimbo yake, akasimama mlangoni, akasikiliza, akaufuata mlio mzito mpaka chooni. Hakuwahi kupotea hata siku moja.

Basi wakwe wakatuma ujumbe kwamba watakuja kujitambulisha Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wakesho aliamua kupona mapema.

Alimwita fundi Muinde, akapaka nyumba rangi ya krimu juu na maruni chini, ili vumbi jekundu lisionekane. Geti likapigwa rangi nyeusi. Tangi la maji, ambalo miaka yote lilijificha nyuma ya jikoni, likaletwa mbele na kuwekwa juu ya jukwaa la mawe, kwa sababu tangi kubwa la buluu humwambia mgeni, kabla hujafungua kinywa, kwamba hapa pana watu. Akapanda nyasi huku na huku, akazimwagilia asubuhi na jioni katikati ya kiangazi kile, wakati hata mbuzi wa Ndara walikuwa wanatafuna makaratasi. Mwisho akaokota mawe, akayapaka chokaa, akayapanga mistari miwili iliyonyooka kutoka mlangoni, ikapita kando ya tangi, hadi getini. Kila aliyepita barabarani aligeuza shingo. Wakesho aliwaona, na moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu harusi yake.

Ukabaki uzio.

"Mama Shanice," Mwandawiro alisema Jumatatu aliposikia koleo la Nzioka likikata waya, "hiyo fensi si ya urembo."

"Najua, Baba Shanice. Ni mpaka Jumamosi tu. Wageni wakienda, Nzioka atairudisha."

"Ndovu hawasomi kalenda."

"Na wakwe zako hawaji kuangalia ndovu. Wanakuja kuangalia mlango wetu. Unataka mtoto wako achekwe maisha yake yote?"

Mwandawiro alimpenda Shanice kupita kiasi, na mkewe alijua pa kumgusa. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa nayo darasani, "Na chooni nitafikaje?"

"Nitakushika mkono. Miaka thelathini na moja nimekupikia, sembuse kukushika mkono!"

Nzioka alitia vipande vyote ndani ya magunia, akayapanga nyuma ya jikoni. Kabla ya kuondoka alisimama akazitazama zile nyasi. "Mimi nimetoa kwa sababu umeniambia, Mama Shanice," alisema. "Lakini kutoka hapa mpaka Sagalla hakuna kitu kibichi isipokuwa hiki chako. Mimi ningekuwa ndovu, ningekuja." Ni mtu wa mizaha, Nzioka, lakini siku hiyo hakucheka.

Jioni ile Mwandawiro alikaa kwenye kiti chake barazani akigeuza sikio huku na huku. Upepo wa Ndara ulikuja kama kawaida ukapita bila kugusa kitu. "Nyumba imenyamaza," alisema. Alisema hivyo tena Jumanne. Jumatano mbwa wao aliingia uvunguni mwa kitanda jua likiwa bado juu, akakataa kutoka hata alipoonyeshwa mfupa, na Wakesho akamkemea kwa kuchafua sakafu iliyopigwa deki.

Alhamisi aliamka kufagia uwanja kabla jua halijatoka, kama alivyofanya maisha yake yote. Alianza mlangoni, akafuata mistari ya mawe meupe, na alipofika kwenye tangi akasimama na ufagio mkononi.

Palikuwa na alama ardhini. Ilikuwa ya mviringo, pana kama lile sinia analopakulia ugali siku za wageni, na ndani yake mikunjo midogo kama ya kiganja cha mzee. Hatua tatu mbele palikuwa na nyingine. Pembe moja ya nyasi ilikuwa imeng'olewa na mizizi yake. Bomba la tangi, lililofika kifuani mwake, lilikuwa limepakwa tope jekundu, bado bichi.

Ndani ya nyumba mumewe alikohoa. Wakesho alijua vizuri angesema nini: magunia yangefunguliwa kabla ya saa nne, matambara yangedondosha oili juu ya rangi ya maruni ambayo haijakauka sawasawa, na Jumamosi Mama Calvince angeshuka garini, angeangalia, na angetabasamu kwa adabu. Tabasamu hilo ndilo aliloliogopa. Ni siku mbili tu, alijiambia. Amekunywa maji akaenda zake. Mnyama akishiba anarudi kufanya nini?

Akafagia. Akafuta alama ya kwanza, akafuta ya pili, akatafuta nyingine akazifuta. Akazipanda upya nyasi kwa vidole, akaosha bomba, akarudia kufagia mpaka michirizi ya ufagio ikalala sambamba uwanja mzima. Haukuwahi kuwa safi namna ile.

"Leo umefagia sana," alisema Mwandawiro. Alikuwa amesimama mlangoni, Wakesho hakumsikia alipotoka.

"Vumbi ni jingi."

"Kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Kama ya zizi. Lakini sisi hatuna zizi."

"Ni rangi, Baba Shanice," alisema Wakesho, akamshika mkono kumpeleka chooni. Mkono wa mzee ulikuwa na joto. Wake ulikuwa baridi.

Shanice alifika na treni ya alasiri kutoka Mombasa, akaangusha begi getini na kupiga vigelegele peke yake. "Mama! Hii ni kwetu kweli? Wallahi Mama Calvince atazimia!" Alipiga picha ishirini, akazituma papo hapo. Wakesho alicheka kila picha, lakini kila mara macho yake yalirudi kwenye vichaka ng'ambo ya barabara. Wanawake hao wawili wakachambua mchele, wakakata vitunguu, wakapiga pasi mapazia, na Wakesho alipojitupa kitandani alilala kama gogo.

Alfajiri ya Ijumaa Mwandawiro aliamka. Alimgusa mkewe begani. Wakesho aliuhisi mkono huo ndani ya usingizi, na hilo atalikumbuka mpaka anaingia kaburini: aliuhisi, akageukia ukutani. Mzee akamwonea huruma akamwacha. Akachukua fimbo, akafungua mlango, akasimama kusikiliza mlio mzito uje umwonyeshe njia. Hakukuwa na mlio. Akapapasa chini kwa fimbo, na fimbo ikagonga jiwe. Mbele ya jiwe hilo palikuwa na jingine, na jingine tena, kwenye mstari ulionyooka vizuri. Mtu mwenye akili akikuta mstari ulionyooka huufuata, maana lazima kuna aliyeuchora kwa sababu.

Kilichomwamsha Wakesho ni fimbo. Tok, ikanyamaza. Tok, ikanyamaza. Alijua ni mawe yake, na akajua mawe hayo hayaelekei chooni. Alikuwa amekwisha kuinuka, mguu mmoja sakafuni, aliposikia fimbo imesimama na mumewe akiuliza kwa ile sauti kavu ya darasani, "Nani hapo?"

Hakujibiwa. Kisha tangi likaanguka, na maji yakamwagika kwa muda mrefu sana.

Askari wa wanyamapori walikuja na gari, wakapiga risasi hewani kuelekea Ndara ingawa hapakuwa na kitu tena. Mwili ulipelekwa mochari Voi. Wakwe walikuwa tayari wako njiani kutoka Siaya, hawakuwa na namna ya kugeuza, kwa hiyo Jumamosi saa nne magari yao mawili yalisimama mbele ya geti jeusi kama ilivyopangwa, nao wakashuka na suti zao na leso za zawadi zilizofungwa vizuri. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa msiba. Kila aliyeingia alipita kati ya mistari ya mawe meupe, na hata waliokuwa wakilia waliiangalia nyumba.

Mama Calvince alikuwa mwanamke mfupi, wa kawaida kabisa. Alimkumbatia Wakesho akalia naye machozi ya kweli. "Pole, dada yangu," alisema. "Pole sana. Na kwenu ni kuzuri hivi! Mzee ameacha boma zuri." Wakesho alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa wiki tatu. Yalimwingia kama mwiba wa samaki kooni, hayashuki, hayatoki.

Wanawake wa kanisa wakachukua mifagio ili uwanja uwe safi kabla ya maombi. Walipokaribia jukwaa la tangi, Wakesho alijitoa mikononi mwa watu, akaenda akaketi chini kwenye tope lililoanza kukauka. Kando ya goti lake ilikuwa ile alama ya mviringo, nzima, na mikunjo yake yote.

"Hapa msifagie," alisema.

Shanice akaja akachuchumaa mbele yake, macho yamevimba. "Mama, twende ndani. Wageni wanaangalia. Acha wafagie tu, hiyo alama si ya kuonwa na watu."

"Waione."

"Mama, jamani."

Nyuma ya nyumba Nzioka alikuwa amefungua gunia la kwanza bila kuambiwa na mtu, akaanza kutundika vile vipande vya madebe. Upepo ukaja kutoka Ndara. Mlio mzito wa choo ukasikika, mara moja, kisha tena, na Wakesho akageuza kichwa kuufuata, kama mumewe alivyokuwa akifanya. Ndipo akamtazama binti yake usoni.

"Alhamisi ilikuwa hapa hapa," alisema. "Niliiona, mwanangu. Nikafagia."