Besi ya Baba

Baba yangu alipiga gitaa la besi katika albamu moja ya rege iliyotikisa miji enzi za ujana wake. Hayo aliyasema yeye. Sisi wanawe tuliikuta kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, mwimbaji akisikika kama mtu aliyebanwa pua, na besi hakuna kabisa. Miaka nenda, miaka rudi, baba mdogo akamtania: "Kaka, wewe walikupa gitaa upigwe picha tu!" Mwishowe baba akaacha hata kuitaja.

Mimi ni fundi redio. Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea mashine yake ya santuri niitengeneze, na boksi la santuri za kujaribia. Nikapekua, nikaiona albamu ile ya baba. Jalada lilikuwa limeliwa na mende pembeni, lakini nyuma, kwa herufi ndogo, lilikuwapo jina la baba: besi.

"Mwalimu, hii nakuomba."

"Chukua, mwanangu. Imenichezesha vya kutosha."

Nikaiosha kwa maji na sabuni kidogo, nikafunga sindano mpya, nikaunganisha spika mbili nilizoziunda mwenyewe. Jumapili mchana nikawaita baba na baba mdogo karakana.

Sindano ikashuka. Mkwaruzo, ngoma, kisha besi ikaingia, nzito na safi, ikatupanda kutoka nyayoni. Bisibisi zikacheza mezani. Kinanda kilikaa upande huu, gitaa upande ule, na mwimbaji ukamsikia hata akivuta pumzi.

"Anayepiga besi ni nani huyo?" baba mdogo akauliza.

"Mimi."

Vidole vya baba vilikuwa vinatembea juu ya paja, havikosei hata pigo moja. Baba mdogo akavua kofia.

"Kaka, nisamehe. Nimekukosea miaka yote hii."

"Nyamaza wewe, usikilize! Hapa ndipo ninaposhuka."

Akashuka kweli, na mabati yakaitikia. Fundi viatu wa jirani akaja na kiatu mkononi. Mabinti wa cherehani wakaja wakicheza, mmoja akaniuliza, "Dada, wimbo huu umetoka lini? Mbona sijausikia redioni?"

Baba akacheka mpaka akashika ukuta.

Upande wa kwanza ulipokwisha, mlango ulikuwa umejaa watu wanaodai zaidi. Nikanyoosha mkono, lakini baba akaniwahi. Akaishika santuri kwa viganja viwili, akaigeuza mwenyewe.