Marudio ya Jumapili

Rukaiya aliielekeza suruali ya mumewe kwenye dirisha, na mwanga ukapenya. Matundu yalikuwa madogo madogo, yametapakaa pajani upande wa kulia, kingo zake zimekauka na kuingia rangi ya kutu. Yeye ni fundi cherehani; nguo ikiharibika anajua imeharibiwa na nini kabla hajaambiwa. Msumari huacha mpasuo, pasi huacha doa la kuungua, mende huanzia kwenye pindo. Haya hayakuwa ya msumari wala ya pasi, na mende gani huyo wa kula paja moja akaacha la pili?

"Baba Shakiru, hii suruali imeliwa na nini?"

"Misumari," alijibu Khamisi bila kugeuka. Alikuwa akifunga kamba za viatu, na jibu lilitoka upesi mno, kama lilikuwa limeandaliwa tangu asubuhi.

Rukaiya akaikunja suruali. Wanawake wa mtaa wao wa Majengo walimsema kwamba ana kinywa kizito, lakini ukimya wake haukuwa wa upole. Alikuwa akikusanya. Alishakusanya vile viatu. Khamisi, fundi seremala, alidai kwamba kila Jumapili anatengeneza milango ya nyumba moja pale Njoro, dakika chache tu kutoka kwao, lakini viatu vyake vilirudi na udongo mwekundu wa juu mlimani, ule unaong'ang'ania soli kama una madai. Udongo ule Rukaiya aliujua kuliko mtu yeyote. Alizaliwa Mwika, akabatizwa Priska, akakulia kwenye migomba na mibuni ya baba yake, na mpaka anaolewa alikuwa akiukwangua miguuni kila jioni. Basi kuna mwanamke huko juu, aliwaza. Mimi mwenyewe alinitoa huko huko. Njia anaijua.

Hata hivyo, shaka ya viatu na suruali ni shaka ya kufulia. Mtu huianika ikakauka. Iliyomkaa moyoni ilitokana na picha ya sinema.

Zamani, kabla hawajaoana, Khamisi alimpeleka kwenye jumba la sinema mjini kuangalia picha ya Kihindi. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Picha ile iliisha vibaya, au iliisha vizuri, inategemea unamwuliza nani: binti na mpenzi wake wanavuka mto juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na huku nyuma baba wa binti anafunga lango, anautupa ufunguo kisimani. Kisha giza. Hakuna wimbo wala kukumbatiana. Watu walizomea wakadai viingilio vyao. Wao wawili walikaa kimya mpaka taa zikawashwa, kwa sababu kila mmoja alimjua baba wa namna ile. Mwaka huo huo Priska akawa Rukaiya, na Mzee Efraimu, mzee wa kanisa, akamwambia binti yake asikanyage tena kihamba chake, shamba lile la ukoo lenye nyumba yao, maadamu yeye yu hai. Hakuhitaji kisima.

Sasa mambo yalikuwa yamefunguka. Madukani mlikuwa na kila kitu, na televisheni zilikuwa zikiingia Majengo moja moja. Rukaiya alikuwa amekwenda sokoni kununua uzi alipopita kwenye duka la Prakash la kukodisha kanda za video, akaona bango jipya. Ilikuwa picha ile ile, sehemu ya pili. Alirudi nyumbani kwa mwendo wa msichana.

"Tutaiangalia kwa Bi Mwamvita," alimwambia Khamisi. Bi Mwamvita ndiye jirani mwenye televisheni, ambaye kila Alhamisi jioni wanawake wa mtaa walijazana sebuleni kwake kufuatilia tamthilia. "Namwomba siku moja tu. Mimi na wewe."

"Hiyo? Usijisumbue," alisema Khamisi. "Wameiharibu kabisa. Ufunguo eti unatoka tumboni mwa samaki. Samaki, ndani ya kisima! Halafu yule baba anamsamehe binti kwa wimbo mmoja. Wimbo mmoja, Rukaiya, tena na yeye anacheza! Mtu aliyekaa na kinyongo miaka yote ile, anacheza na fimbo yake mkononi!"

Alikuwa amekasirika kwelikweli, kama ametukanwa yeye. Kisha akajisikia anavyosema. Akachukua kikombe cha chai kilichokuwa kitupu, akanywa.

"Umeiangalia wapi?" aliuliza Rukaiya.

"Watu wanasimulia. Pale kwenye mbao."

"Wamekusimulia mpaka fimbo?"

Khamisi alisema anawahi swala, na ni kweli adhana ilikuwa imeshaanza.

Asubuhi yake Rukaiya alikuwa dukani kwa Prakash kabla makufuli hayajafunguliwa yote. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kama kanda ile ipo, au mumewe ameshaichukua.

"Bwana Khamisi aliichukua mwezi uliopita, mama, na deki ya kuichezea juu yake," alisema Prakash. "Nikamwuliza, fundi, umenunua televisheni sasa? Akacheka tu. Hata hivyo picha mbaya sana hiyo. Mke wangu Sulochana alilala katikati, mimi nikamalizia kwa sababu ni kazi yangu."

Rukaiya alishukuru akatoka. Jua lilikuwa limepanda, mlima umeshajifunika wingu, na yeye hakuona gari wala baiskeli mpaka akapigiwa kengele. Mwanamke mwingine, wanaume wana mambo hayo, na wanawake wana namna zao za kuyakabili. Lakini kumkodishia deki! Kumkalisha kwenye kochi na kumwonyesha picha yao, sehemu ya pili, akimweleza sehemu ya kwanza iliishaje! Hilo lilimchoma. Alitamani angekuwa amemhonga gauni, kwa sababu gauni angelifumua.

Jumapili aliwaacha watoto kwa Bi Mwamvita, akajitanda ushungi mweusi ambao Khamisi hakuuzoea, akamfuata kwa mbali. Khamisi hakuelekea Njoro. Alisimama kwenye karakana ya kuchajia betri nyuma ya msikiti, akatoka amekumbatia betri ya gari, ameiegemeza kwenye paja la kulia. Rukaiya akaelewa matundu: ni maji ya betri. Mtu asiye na gari, wala baiskeli yenye dinamo, anabeba betri iliyojaa moto kama anavyobeba mtoto. Akapanda nayo gari la Mwika. Rukaiya akapanda lililofuata.

Alishuka Mwika. Hakuwa amefika pale tangu mazishi ya mama yake. Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi.

"Dada, habari za mchana. Umemwona baba mmoja amebeba betri?"

"Fundi? Kapanda sasa hivi kwa Mzee Efraimu," alisema yule mama. "Kila Jumapili baada ya ibada yuko pale. Umeme huku hakuna, basi wanaiwasha televisheni ya mzee kwa hiyo betri, wanaangalia marudio ya ile tamthilia ya Alhamisi, wanagombana weee! Nawasikia mpaka jikoni kwangu." Kisha akainua uso, akamchungulia ndani ya ushungi. "We! Si Priska wewe?"

Alikuwa Eliona, jirani wa mpakani, aliyekuwa akichota naye maji kwenye mfereji. Rukaiya akausogeza ushungi.

"Kwa baba yangu?"

"Nilidhani unajua, jamani." Eliona akashusha sauti. "Mwaka jana upepo uliezua paa la mzee. Fundi wa hapa anaumwa, akaletwa huyu kutoka mjini. Mzee akamtambua kuwa ndiye mumeo siku ya mwisho, kazi imeisha. Tukasema leo litatoka panga. Halikutoka. Alimwambia, ukitaka kuja njoo, lakini jina la binti yangu lisitajwe ndani ya nyumba hii. Mzee mwenyewe kaniambia."

"Na Khamisi akasema nini?"

"Akasema sawa."

Rukaiya alianza kupanda ile njia ya katikati ya migomba. Kama huko juu angemkuta mwanamke, angejua la kufanya. Angejifunga khanga kiunoni, angepiga mayowe, na mtaa mzima ungekuwa upande wake. Lakini huyu mwizi alikuwa ameiba kitu ambacho hakina jina la kupigia yowe. Alikuwa amemwibia baba. Jumapili kwa Jumapili, yeye akiwa nyumbani anatia vifungo, mumewe alikuwa ameketi karibu na mzee yule, anasikia kikohozi chake, anaona alivyozeeka. Mama yake alipozikwa hapa kihambani, Rukaiya alisimama kule barabarani akasikiliza nyimbo za maziko mpaka ya mwisho, na hakuna aliyetumwa kumwita. Khamisi alikuwa amesimama kando yake siku ile. Alijua. Alijua, na bado akasema sawa.

Shaka yake haikumwisha, ilihama tu. Wiki nzima ilikuwa ikiuliza, ni nani? Sasa iliuliza, amekubali kwa ajili yangu, au kwa ajili ya raha yake? Maana inawezekana mtu akaanza kwa nia njema, kisha akaonja utamu wa kukaribishwa, akaona afadhali mambo yabaki yalivyo.

Nyumba ilikuwa na bati jipya upande mmoja. Mlango ulikuwa wazi nusu, na sauti ya muziki wa tamthilia ikatoka nje. Kipindi hicho Rukaiya alikiona Alhamisi kwa Bi Mwamvita: Tunu, binti aliyefukuzwa, anarudi kwa baba yake mvua ikinyesha, anapiga magoti uani. Wanawake wote sebuleni walilia. Yeye pia alilia, ingawa jambo fulani lilimkera na hakulijua ni lipi.

"Mvua ya mpira wa bustani hiyo," ilisema sauti ndani. Ilikuwa imekwaruza kuliko alivyoikumbuka, lakini ilikuwa yenyewe. "Tazama nyuma ya ukuta, fundi. Jua linawaka!"

"Nimeliona, mzee. Hata nguo zimeanikwa."

"Wanatufanya wajinga. Na huyu Tunu, tangu mwanzo alikuwa mtu mwenye msimamo wake. Leo wamempigisha magoti. Binti wa namna ile hapigi magoti. Aliyeandika hamjui."

"Wewe unamjua?"

Tunu aliendelea kulia kwenye televisheni.

"Nimemfuatilia tangu kipindi cha kwanza," alisema mzee. "Angesimama. Angekuja akasimama hapo, asiseme neno, mpaka mwenye nyumba aone aibu."

"Basi, mzee, kama unajua hivyo, huyu baba amemngoja nini siku zote? Si angemwita?"

"Akimwita?" Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Mtu akishatamka neno mbele ya watu, fundi, linakuwa kama mlango wa kufungia kwa nje. Wewe ulichukia ile kanda yako ya Kihindi kwa sababu baba alisamehe kwa wimbo. Mimi niliichukia kwa sababu alikuwa na wimbo. Huyu wa kwetu hana hata wimbo. Ataanzia wapi?"

Rukaiya, pale nje, alisikia hasira yake ikimpanda na huruma ikimpanda, zote mbili kwa pamoja, na hakuna iliyokubali kumpisha mwenzake. Aliwachukia wote wawili kwa kuwa wamekaa humo wakimzungumza kwa mwaka mzima bila kumtaja. Alimpenda yule mwenye kikohozi. Kuhusu yule mwingine bado hakuwa ameamua.

Alipanda kizingiti.

"Hodi."

Ndani kochi lililia. Khamisi alikuwa amegeuka. Alimwona, akapauka, mkono wake ukabaki hewani na bakuli la karanga. Mzee Efraimu alikuwa ameupa mlango mgongo, na hakugeuka. Shingo yake ilikuwa nyembamba ndani ya kola ya shati la ibada.

"Ni nani?"

Rukaiya alimtazama mumewe, akangoja. Aliyoyangoja sasa yalikuwa haya: atasema nini, na atasema kwa ajili ya nani.

"Fundi, nauliza ni nani huyo."

Khamisi aliweka bakuli chini taratibu.

"Mzee," alisema, "ulinikataza kumtaja."

Mabega ya mzee yakasimama, kisha yakashuka. Mikono yake ilishika magoti, ikayaachia, ikayashika tena. Kwenye televisheni baba wa Tunu alikuwa ameanza hotuba yake, ile ndefu yenye muziki wa vinanda, na Rukaiya aliijua yote. Hakupiga magoti. Alisimama pale pale kizingitini na udongo mwekundu viatuni, anamtazama mzee kisogoni, na hakusema neno.

"Fundi," alisema Mzee Efraimu hatimaye. "Punguza sauti ya hiyo televisheni."