Siku za Wodini

Daktari Nakhisa alipothibitisha kwamba jiwe limerudi katika kibofu cha Abdul-Latif, Rukiah hakuogopa. Alipiga hesabu ya siku. Miaka tisa iliyopita, mumewe alipopasuliwa tumbo kwa jiwe la kwanza, yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda cha wodini, akamwosha na kumlisha kwa siku kumi na mbili. Mwaka uliofuata akaolewa Zulaikha wa Namuwongo, mke wa pili, na mume akawa wa zamu.

Wiki ya upasuaji iliangukia zamu ya Zulaikha. Rukiah alitoka kwake Kawempe kumfuata.

"Kiuno chako hakiwezi sakafu ya hospitali," alimwambia kwa upole. "Niachie siku zote za wodini. Akitoka, muuguze hapa kwako mpaka apone kabisa."

"Hata ikifika mwezi, dada?"

"Sitadai hata siku moja."

"Mume wetu akisikia tumemgawana kama mkungu wa matoke, atatoroka na jiwe lake!"

Walicheka. Rukiah hakuwa amemuuliza daktari chochote, aliamini siku za wodini zitakuwa kumi na mbili kama zamani.

Jumanne, kabla Rukiah hajamaliza kupanga sufuria zake wodini, Daktari Nakhisa alitoka chumba cha upasuaji.

"Mama, tumemaliza. Tumepitisha kamera nyembamba katika njia ya mkojo, tukalivunja jiwe kwa leza na kutoa vipande."

"Na kidonda?"

"Hatukukata popote. Kesho tutaondoa mpira wa mkojo, aende nyumbani. Asiinue kitu kizito kwa wiki mbili."

Rukiah alimshukuru Mungu, akaona aibu kwa jinsi shukrani hiyo ilivyokuwa nyepesi, maana siku zake za wodini zilikuwa zimebaki moja tu. Jioni Abdul-Latif alishika kijiko mwenyewe.

"Mbona umebeba jiko zima? Umehamia hapa?"

Asubuhi Zulaikha alikuwa langoni na gari la kukodi, amevaa gauni jipya la gomesi.

"Pole na kazi, dada. Daktari amesema atapona lini?"

"Baada ya siku tatu," Rukiah alijibu, akizipunguza siku za mwenzake.

Abdul-Latif, ambaye usingizi wa dawa ulimnyima maneno ya daktari, alifurahi. "Basi Jumamosi napakia lori!"

Rukiah aliitazama mikono ya mumewe, iliyozoea magunia ya saruji.

"Wiki mbili," alisema. "Nimekosea. Asiinue chochote."

Zulaikha hakuuliza amekosea vipi. Alimsaidia mume kuketi garini, akaketi karibu naye, akafunga mlango taratibu.